Nani hukagua nyaya za umeme nyumbani kwako, na lini?

Taarifa ya nyumba au duka lililoungua inapofika kwenye chanzo cha moto, mara nyingi husomwa sentensi ileile: moto ulisababishwa na hitilafu ya umeme. Sisi wa redio tumeisoma sentensi hiyo mara nyingi kwenye taarifa ya habari. Huenda ni kweli, lakini haimsaidii msikilizaji kuilinda nyumba yake. Kila hitilafu ina mahali ilipoanzia: waya mwembamba uliobebeshwa mzigo mkubwa, skrubu iliyolegea ndani ya soketi, waya wa ardhi ambao haukuwahi kufungwa, au chumba kilichoongezwa bila mtu kuuliza kama nyaya za zamani zinakihimili.

Katika makala hii tunaeleza nani ana wajibu gani katika usalama wa nyaya za majumbani Tanzania Bara, vipimo gani vinapaswa kufanyika kabla nyumba haijaunganishwa umeme, na kwa nini nyumba iliyounganishwa kihalali inaweza kugeuka hatari miaka michache baadaye.

Mpaka uko kwenye mita

Jambo la kwanza la kufahamu ni mpaka wa wajibu. Nguzo, waya unaotoka kwenye nguzo hadi nyumbani, na mita yenyewe ni mali ya Shirika la Umeme Tanzania, TANESCO. Hitilafu ikitokea upande huo, shirika ndilo linalotengeneza. Kuanzia mita kuingia ndani, yaani swichi kuu, kisanduku cha saketi breka, nyaya zilizopita ukutani na darini, swichi, soketi na taa, vyote ni vya mwenye nyumba, na usalama wake ni juu yake.

Wengi huchanganya hapa. Kwa kuwa umeme unanunuliwa kwa LUKU na mita imefungwa na shirika, mtu hudhani kwamba mita ndiyo inayoilinda nyumba. Mita hupima na kuuza umeme. Inaweza kujikata ikizidiwa mno, lakini haijui kama soketi ya chumbani inaungua polepole, wala kama mtoto ameshika waya uliochubuka. Kazi hiyo ni ya vifaa vya kinga vilivyofungwa ndani ya nyumba, kama vimefungwa.

Nani mwenye ruhusa ya kufunga

Kwa mujibu wa Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, kazi ya kufunga mifumo ya umeme kwenye majengo hufanywa na mtu mwenye leseni. Leseni hiyo hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA. Imegawanywa kwa madaraja kulingana na elimu na uzoefu wa fundi. Daraja la juu humruhusu mtu kufanya kazi kubwa za viwandani na za volteji kubwa. Madaraja ya chini huishia kwenye kazi ndogo kama nyumba za kuishi. Kwa hiyo haitoshi kumuuliza fundi kama ana leseni. Muulize pia ni ya daraja gani na inaisha lini, kwa sababu leseni ina muda wake. Orodha ya wenye leseni hupatikana EWURA, na jina la fundi wako linaweza kutafutwa humo kabla hujamlipa malipo ya awali.

Zipo taasisi nyingine zinazogusa suala hili. Halmashauri hutoa kibali cha ujenzi na kupitia michoro ya jengo. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, husimamia ubora wa nyaya, swichi na soketi zinazouzwa madukani. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hukagua kinga ya moto, zaidi katika majengo ya biashara, hoteli, shule na mahali pengine panapokusanya watu. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, hukagua sehemu za kazi, na mifumo ya umeme ni sehemu ya ukaguzi wake.

Ukiipitia orodha hiyo utaona pengo. Kiwanda kina mtu wa kurudi kukikagua, na hoteli pia. Nyumba ya kawaida ya kuishi, ikishapata umeme, haina mkaguzi anayerudi kwa ratiba. Kwa nyumba nyingi, siku ya kuunganishwa ndiyo siku pekee ambayo jicho la nje huziangalia nyaya zake.

Kabla ya kuwashwa

Mwombaji wa umeme hupeleka ombi lake TANESCO, siku hizi hata kwa simu au mtandaoni kupitia mfumo wa Nikonekt, akiwa na namba yake ya kitambulisho cha taifa. Kabla ya kuunganishwa, nyumba inatakiwa iwe imefungwa nyaya na mkandarasi mwenye leseni, naye ndiye anayethibitisha kwa jina, sahihi na muhuri wake kwamba kazi imekamilika na iko salama. Shirika lina haki ya kukagua na kukataa kuunganisha nyumba ambayo haijakidhi masharti.

Muhuri huo unatakiwa kusimama juu ya vipimo. Mafundi wa Tanzania, kama wenzao katika nchi nyingi zilizotawaliwa na Uingereza, wamefundishwa kwa misingi ya kanuni za ufungaji nyaya za wahandisi wa Uingereza, ambazo toleo la kwanza lilitoka mwaka 1882, na lengo lake likiwa kuzuia moto. Kwa misingi hiyo, vipimo vya awali hufanywa umeme ukiwa haujaingia ndani:

Kwanza, mwendelezo wa waya wa ardhi, ambao mafundi huuita athi. Fundi huhakikisha kwamba kutoka kila soketi na kila kifaa cha chuma kuna njia isiyokatika hadi kwenye fimbo ya shaba iliyochimbiwa ardhini.

Pili, uimara wa maganda ya nyaya. Kipimo kinachoitwa mega husukuma volteji 500 kwenye nyaya ili kuona kama umeme unavuja kati ya waya mmoja na mwingine. Kwa nyumba, kipimo kinatakiwa kisipungue megaomu moja. Kikishuka, kuna waya uliochubuka, kiungo kilicholowa, au msumari uliotoboa bomba la nyaya.

Tatu, mpangilio wa moto na nyutro. Swichi inatakiwa ikate waya wa moto. Ikikata nyutro, taa itazima kama kawaida, lakini holda itaendelea kuwa na umeme, na anayebadilisha balbu ataamini kwamba yuko salama kumbe hayuko.

Nne, ukinzani wa ardhi, ili kujua kama ile fimbo inapokea umeme kweli. Udongo mkavu au wa mchanga huupokea kwa shida, na wakati mwingine fimbo moja haitoshi. Mwisho, umeme ukishaingia, hujaribiwa swichi za kinga ili kuona kama zinakata kwa wakati.

Mwombe mkandarasi akuandikie matokeo ya vipimo hivi na uyatunze pamoja na mchoro wa nyaya. Karatasi hiyo itakufaa siku utakapotaka kuongeza chumba au kuiuza nyumba.

Kinga mbili zenye kazi tofauti

Tunapozungumzia swichi za kinga, kuna kosa linalogharimu maisha. Saketi breka iliyo kwenye kisanduku hulinda waya dhidi ya kupata moto. Haikuwekwa kumlinda mtu. Saketi breka ya soketi inaweza kuwa ya ampea 20 au 32, wakati umeme wa miliampea 30 tu ukipita kifuani kwa muda unaweza kuharibu mapigo ya moyo. Ampea 20 ni zaidi ya mara 600 ya kiasi hicho. Mtu anaweza kupoteza maisha akiwa ameshika waya na saketi breka isishtuke.

Kinachomlinda mtu ni swichi ya mvujo, ambayo mafundi huiita kwa herufi zake, RCD. Hiyo hulinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Ikiona tofauti ya miliampea 30, maana yake kuna umeme unaopita njia nyingine, pengine mwilini mwa mtu, na hukata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Ina kitufe chenye herufi T. Kikibonyezwa, umeme unatakiwa ukatike hapohapo. Usipokatika, swichi hiyo imekufa. Kama kisandukuni kwako hakuna kitufe cha namna hiyo, inawezekana kabisa kwamba nyumba yako haina kinga hiyo.

Athi na RCD husaidiana. Hita ya kuogea ya papo kwa papo, ile inayofungwa kwenye bomba la mvua, ni mfano mzuri. Hita ya wati 5,000 kwa umeme wa volti 230 huvuta takriban ampea 22, na mtu husimama chini yake akiwa amelowa. Inahitaji waya wake peke yake kutoka kisandukuni, mnene wa kutosha, wenye saketi breka yake, athi iliyopimwa na RCD. Ikifungwa kwa kuunga kwenye waya wa taa ya bafuni, kama inavyofanywa mara nyingi, waya utapata joto kwanza, na siku kifaa kitakapovuja maji ndiyo yatakayoubeba umeme.

Nyumba inakua, nyaya hazikui

Tuseme nyumba ilifungwa vizuri na ikapita ukaguzi. Ilikuwa na vyumba viwili na sebule. Taa zilipewa waya wa milimita za mraba 1.5, na soketi waya wa 2.5, kama ilivyo kawaida. Miaka mitano baadaye kimeongezwa chumba cha uani, fremu ya duka mbele, friji mbili na jiko la umeme. Fundi aliyeitwa alichukua umeme kwenye soketi iliyokuwa karibu. Hakuna aliyerudi kwa mkandarasi wa kwanza, na hakuna aliyepima tena.

Hesabu ni rahisi. Chukua wati za kifaa, gawanya kwa 230, utapata ampea. Jagi la wati 2,000, jiko la sahani moja la wati 2,000 na pasi ya wati 1,000 vikiwaka pamoja ni wati 5,000, karibu ampea 22. Waya wa 2.5 uliotoka kisandukuni kwa njia moja na kulindwa na saketi breka ya ampea 20 umeshazidiwa. Ekstensheni ya bei nafuu yenye waya wa 0.75 hubeba ampea 6 hivi, yaani wati 1,400 kasoro kidogo. Ekstensheni hiyo haiwezi hata jagi peke yake, ingawa ina matundu manne yanayokaribisha vifaa vinne.

Joto la waya haliongezeki sawasawa na mzigo. Mzigo ukiwa mara mbili, joto linalozalishwa huwa mara nne. Ndiyo maana waya uliovumilia miaka mingi unaweza kuyeyusha ganda lake ndani ya wiki chache baada ya kununuliwa kifaa kipya. Saketi breka ingetakiwa kukata mapema. Lakini inapokatakata kila jioni, wapo wanaomwita fundi awawekee kubwa zaidi, ya ampea 32 au 40 mahali pa 20. Usumbufu huisha, na kinga ya waya huisha pamoja nao. Breka inayokata mara kwa mara inakupa taarifa, itafutwe sababu.

Rangi za nyaya nazo zimeongeza mtego. Katika mfumo wa zamani waya wa moto ulikuwa mwekundu, nyutro nyeusi na athi ya kijani. Katika mfumo mpya moto ni kahawia, nyutro ni bluu, na athi ni kijani chenye mistari ya njano. Kwenye umeme wa njia tatu hatari ni kubwa zaidi: bluu iliyokuwa moto zamani sasa ni nyutro, na nyeusi iliyokuwa nyutro sasa ni moto. Nyumba iliyojengwa zamani na kuongezwa juzi inaweza kuwa na mifumo yote miwili nyuma ya ukuta mmoja. Hapo asiaminiwe mtu anayesoma rangi bila kupima.

Vishoka na muhuri wa kuazima

Kwa nini mambo haya hutokea ilhali sheria ipo? Sababu moja ni fedha. Gharama ya kuunganishwa umeme imeshushwa sana vijijini, ambako mteja wa njia moja hulipia shilingi 27,000. Lakini fedha hiyo inaishia kwenye mita. Nyaya za ndani mwenye nyumba hujigharamia, na hapo ndipo wengi hubana matumizi. Anatafutwa kijana wa mtaani anayejua kufunga taa, halafu anatafutwa mwenye leseni wa kupiga muhuri kwenye kazi ambayo hakuiona. Muhuri wa namna hiyo ni karatasi tupu, kwa sababu hakuna kipimo kilichofanyika, na aliyeupiga amebeba dhamana ya maisha ya watu asiowajua.

Wapo pia vishoka, watu wanaojifanya wafanyakazi wa shirika au mafundi waliosajiliwa, wanaochukua fedha na kuunganisha umeme kinyume cha utaratibu. Tunashauri mambo matatu: omba kitambulisho na usiridhike na sare peke yake, usilipe fedha ya huduma mkononi, lipa kwa namba ya malipo ya serikali, na usimruhusu mtu yeyote aguse lakiri ya mita.

Kwa familia yenye nyumba ndogo isiyomudu kufunga nyaya nyumba nzima, Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umekuwa ukisambaza kifaa kiitwacho UMETA, kifupi cha Umeme Tayari. Kinakuja kikiwa na kinga, swichi na soketi mahali pamoja, na hakihitaji mtandao wa nyaya ukutani. Mtu akianza na UMETA yuko salama zaidi kuliko aliyefungiwa nyumba nzima kwa nyaya duni.

Mpangaji afanye nini

Hatari kubwa zaidi iko kwenye nyumba za kupanga, ambako familia tano au sita hutumia mita moja na kila chumba kimevutiwa waya wake kwa wakati wake. Mwenye nyumba haishi hapo, na mpangaji hana mamlaka ya kufumua ukuta.

Nchi nyingine zimeliona tatizo hili. Uingereza, katika sehemu ya England, kanuni za mwaka 2020 zinamtaka mwenye nyumba ya kupangisha aikaguze mifumo ya umeme angalau kila baada ya miaka 5 na kumpa mpangaji nakala ya ripoti. Kwetu, kinachoweza kufanyika sasa ni makubaliano. Kabla ya kulipa kodi ya miezi sita, jaribu soketi na taa, tazama kama kisanduku kina RCD, na uliza nani aliyefunga nyaya na lini. Wapangaji wakikubaliana kuchangia nusu na mwenye nyumba nusu, gharama ya mkandarasi mwenye leseni kuja na mega kwa saa chache hubebeka. Yaandikeni makubaliano hayo kwenye mkataba.

Ukaguzi wa dakika kumi

Bila kufungua chochote, na bila kushika waya, unaweza kuangalia haya:

• Shika mfuniko wa soketi na plagi baada ya kutumia pasi au jagi. Uvuguvugu kidogo ni kawaida. Moto wa kukufanya utoe mkono si kawaida.
• Tazama kama kuna alama ya kahawia au plastiki iliyolainika, na nusa kama kuna harufu ya plastiki inayoungua au inayofanana na samaki.
• Sikiliza swichi na soketi. Sauti ya kuchachatika maana yake kuna kiungo kilicholegea.
• Bonyeza kitufe cha T kwenye RCD angalau mara moja kila baada ya miezi mitatu.
• Angalia kama friji, bomba la bafuni au mlango wa chuma vinatekenya unapovigusa. Kutekenya ni dalili ya mvujo na athi mbovu. Zima swichi kuu na mwite mkandarasi siku hiyohiyo.
• Hesabu ekstensheni zilizochomekwa kwenye ekstensheni. Jibu sahihi ni sifuri.

Zaidi ya hapo usiendelee mwenyewe. Kufungua kisanduku si kazi ya mwenye nyumba, hata akiwa na testa.

Hitilafu ikitokea, zima swichi kuu kama unaweza kuifikia salama. Usimwage maji kwenye moto wa umeme, wala usimshike kwa mkono mtu aliyenaswa kabla umeme haujakatwa. Ukishindwa kuukata, msukume kwa mti mkavu au kitu kingine kisichopitisha umeme, ukiwa umesimama pakavu. Zimamoto hupatikana kwa namba 114, na TANESCO kwa 180.

Zanzibar utaratibu una majina mengine: shirika la umeme ni ZECO na mdhibiti ni ZURA. Kenya leseni za mafundi hutolewa na mamlaka ya EPRA, na fundi hutakiwa kutoa cheti cha kukamilisha kazi kabla Kenya Power haijaunganisha. Lakini pote swali la mwenye nyumba ni lilelile: tangu siku ile ya kuunganishwa, nini kimeongezwa, na nani aliyepima? Kama hujui jibu, mwite mwenye leseni akupimie upya, na mwambie akuandikie alichokikuta.